Diaframu Iliyopooza: Kipimo Kipi Kinatabiri Vizuri Nafuu ya Mapafu Baada ya Upasuaji?

Mgonjwa anapoelezwa kwamba upande mmoja wa diaframu yake, yaani msuli mkuu wa kuvuta pumzi, umepooza na kwamba upo upasuaji wa kuikunja na kuishona, swali linalofuata karibu kila mara ni hili: mapafu yatarudi kwa kiasi gani? Ni swali la haki, kwa kuwa upasuaji huo unahitaji nusukaputi, unagharimu fedha na siku kadhaa za kulazwa wodini, ilhali wapo watu wanaoishi miaka mingi na upande mmoja uliopooza bila kujua, mpaka siku wanapopigwa picha ya kifua kwa sababu nyingine kabisa. Makala haya yanalinganisha vipimo vinavyotumika kukisia nafuu hiyo, kisha yanalinganisha njia za matibabu zenyewe, kwa sababu kipimo kinachotabiri vizuri matokeo ya njia moja kinaweza kuwa na maana ndogo sana kwa njia nyingine.

Niuseme msimamo wangu mapema ili msomaji aupime anavyoendelea kusoma. Kwa mgonjwa anayefikiria kukunjwa diaframu, tofauti kati ya spirometria (kipimo cha kupuliza hewa) ya kukaa na spirometria ya kulala, ikiambatana na ushahidi wa macho kwamba upande uliopooza unakwenda kinyume, yaani unapanda mgonjwa anapovuta pumzi, inaeleza mengi kuliko vipimo vingi vya gharama kubwa. Vipimo vya umeme wa neva vina thamani yake, lakini vinajibu swali lingine.

Upasuaji unarekebisha nini, na hauwezi kurekebisha nini

Diaframu ni msuli mpana uliotandaa kati ya kifua na tumbo, na kila nusu yake huamrishwa na neva yake ya freniki. Neva hiyo huanzia shingoni, kwenye mizizi ya tatu, ya nne na ya tano ya uti wa mgongo, ikashuka kifuani ikiambaa na moyo mpaka kufika kwenye msuli. Safari hiyo ndefu ndiyo inayoifanya iwe rahisi kuumia: katika upasuaji wa moyo au wa shingo, katika sindano ya ganzi ya bega, kwa uvimbe uliokua katikati ya kifua, kwa ajali, au kwa uvimbe wa neva zenyewe unaofuata maambukizi. Wakati mwingine sababu haipatikani hata baada ya uchunguzi wote kukamilika.

Neva ikikatika mawasiliano, nusu ya diaframu hupanda juu na kulegea. Mgonjwa anapovuta pumzi, upande mzima, yaani usiopooza, hushuka kama kawaida, shinikizo la kifuani hupungua, la tumboni huongezeka, na upande uliolegea hunyonywa juu badala ya kushuka. Madhara yake ni mawili kwa mpigo: pafu la upande ule linabanwa katika wakati ule ule ambapo lilipaswa kupanuka, na sehemu ya nguvu za upande mzima inapotea bure kwa kuuvuta ule uliolegea.

Anachofanya mpasuaji ni kuushika utando huo, kuukunja mikunjo kadhaa na kuishona kwa nyuzi imara mpaka ukaze na kukaa chini zaidi. Ni kama ngozi ya ngoma iliyolegea ikawambwa upya: inakaza, lakini haijipigi yenyewe. Msuli haufufuki, wala neva haiungani. Nafuu yote inatokana na kusimamisha hasara, yaani ule mwendo wa kinyume na kule kubanwa kwa pafu. Kwa hiyo kipimo chochote kinachodai kutabiri nafuu ya upasuaji huu lazima kijibu swali moja: katika upungufu wote wa pumzi alio nao mgonjwa huyu, ni sehemu gani inayosababishwa na ule ulegevu, na ni sehemu gani inayotokana na mambo mengine kama unene, pumu, makovu ya kifua kikuu, moyo dhaifu au misuli iliyochoka mwili mzima?

Spirometria ya kukaa na spirometria ya kulala

Spirometria ni kipimo cha kupuliza. Mgonjwa huvuta pumzi mpaka mwisho, kisha hupuliza kwa nguvu zote kwenye mrija mpaka hewa iishe, na mashine huandika ni lita ngapi zilizotoka. Kiasi hicho kizima ndicho wataalamu wanachokiita FVC. Kwa mtu mzima mwenye upande mmoja uliopooza, FVC ya kukaa mara nyingi huwa karibu asilimia 70 hadi 80 ya kile kinachotarajiwa kwa umri, jinsia na urefu wake. Peke yake namba hiyo haisemi mengi, kwa sababu mtu mwenye makovu ya mapafu au mwenye kitambi kikubwa anaweza kupata namba ile ile.

Mambo hubadilika mgonjwa anapolala chali na kurudia kupuliza. Kwa mtu mwenye diaframu nzima, FVC hupungua kwa chini ya asilimia 10 tu. Kwa aliyepooza upande mmoja, mara nyingi hupungua kwa asilimia 15 hadi 25, kwa kuwa uzito wa tumbo sasa unasukuma moja kwa moja dhidi ya utando usioweza kujitetea. Ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, daktari anapaswa kushuku kwamba pande zote mbili zimedhoofika, na hapo mazungumzo ya upasuaji hubadilika kabisa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wagonjwa wawili wana FVC ya kukaa ya lita 2.4 kila mmoja. Wa kwanza, akilala, hupuliza lita 1.9; amepoteza nusu lita, ambayo ni karibu asilimia 21. Wa pili, akilala, hupuliza lita 2.25, amepoteza asilimia 6 tu. Karatasi za spirometria ya kawaida, yaani ya kukaa peke yake, zingewaonyesha kuwa sawasawa. Lakini wa kwanza anaonyesha hasara inayotegemea mkao wa diaframu, hasara ambayo kukunjwa kunaweza kuipunguza, ilhali wa pili ana upungufu ambao sehemu kubwa pengine unatoka kwingineko, na ningemshauri achunguzwe zaidi kabla ya kuruhusu mtu yeyote amguse kwa kisu.

Ubora wa kipimo hiki ni kwamba kinahitaji mashine ile ile ambayo kliniki nyingi za kifua tayari zinayo, kitanda, na dakika chache za ziada. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea juhudi za mgonjwa na uvumilivu wa mpimaji. Majaribio mawili yaliyo bora yanatakiwa yatofautiane kwa si zaidi ya mililita 150, na mgonjwa anayekosa pumzi akilala huogopa na kuacha kupuliza mapema. Mpimaji asiye mzoefu huandika namba hiyo hivyo hivyo, na utabiri mzima unajengwa juu ya mchanga.

Lipo jambo la ziada ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua, na ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha katika kliniki zetu. Ile asilimia ya kinachotarajiwa hutokana na milinganyo iliyomo ndani ya mashine. Milinganyo ya GLI, mradi wa kimataifa wa viwango vya vipimo vya mapafu, iliyotolewa mwaka 2012 iliwagawa watu katika makundi ya asili, na kundi la weusi lililokuwamo lilitokana na takwimu za Wamarekani weusi. Mwaka 2022 ukaja mlinganyo mmoja wa GLI usiotumia asili, na mwaka 2023 jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani ikapendekeza utumike huo. Kwa mgonjwa mweusi, kuhama kutoka mlinganyo wa kwanza kwenda wa pili huifanya asilimia yake ionekane ndogo zaidi, ingawa mapafu ni yale yale. Mtu mwenye FVC ya lita 2.4 anaweza kusomeka asilimia 75 kwa mashine moja, na chini ya asilimia 70 kwa nyingine. Basi akipimwa kabla ya upasuaji katika hospitali moja na baada ya upasuaji katika nyingine, nafuu ya kweli inaweza kufichwa, au nafuu hewa ikaonekana. Dawa yake ni nyepesi: linganisha lita kwa lita, na uliza mashine imewekewa mlinganyo upi.

Picha ya kawaida, eksirei ya mwendo na ultrasaundi

Picha ya kawaida ya kifua ndiyo inayoibua shaka mara ya kwanza, kwa kuonyesha upande mmoja uliopanda. Lakini ni shahidi anayeona kitu kisha akakieleza vibaya. Hata kwa mtu mzima wa afya, upande wa kulia hukaa juu kidogo kuliko wa kushoto. Katika mazingira yetu, jipu la ini linaweza kuusukuma upande wa kulia juu, na makovu ya kifua kikuu cha zamani yanaweza kulikunja pafu na kuivuta diaframu kulifuata, bila neva ya freniki kuwa na kosa lolote. Mtu wa namna hiyo akikunjwa diaframu hatapata nafuu, kwa sababu hakikuwapo cha kukaza. Kwa hiyo picha ya kawaida ni mlango wa kuingilia tu, na haifai kutumika kama kipimo cha kutabiri.

Eksirei ya mwendo, ambayo hospitalini huitwa fluoroskopia, huonyesha diaframu ikitembea. Mgonjwa husimama mbele ya mashine, hufunga mdomo, kisha huambiwa anuse kwa ghafla kama mtu anayevuta kamasi. Katika sekunde hiyo, upande mzima hushuka kwa kasi na upande uliopooza huruka juu. Kuruka kwa sentimita 2 au zaidi ni ishara nzito. Kwa ajili ya kutabiri matokeo ya kukunjwa, mimi hukipa kipimo hiki uzito mkubwa, kwa kuwa kinaonyesha waziwazi kile ambacho mpasuaji anakwenda kukizuia. Diaframu iliyopanda lakini imetulia tuli, isiyokwenda juu wala chini, inaahidi nafuu ndogo kuliko ile inayoruka.

Kina mitego yake, hata hivyo. Watu wachache wenye afya huonyesha mwendo kidogo wa kinyume wanaponusa kwa nguvu. Na pale pande zote mbili zinapokuwa zimepooza, mgonjwa hujifunza bila kujua kukaza misuli ya tumbo wakati wa kutoa pumzi na kuilegeza wakati wa kuvuta, hivyo diaframu inaonekana ikishuka vizuri na mtazamaji anadanganyika.

Ultrasaundi huangalia jambo tofauti. Mpimaji huweka kipimio ubavuni, kati ya ubavu wa nane na wa tisa au karibu na hapo, mahali ambapo diaframu imelalia ukuta wa kifua, na msuli huonekana kama ukanda mweusi kati ya mistari miwili inayong'aa. Hupima unene wake mwisho wa kutoa pumzi, kisha mwisho wa kuvuta. Msuli hai hunenepa unapojikaza. Ukiongezeka kutoka milimita 2.0 hadi 2.8, hiyo ni asilimia 40, na msuli huo unafanya kazi. Ukitoka milimita 1.5 hadi 1.6, ongezeko halifiki asilimia 7, na chini ya asilimia 20 huhesabiwa kuwa ni kupooza. Unene wenyewe ukiwa chini ya milimita 2, msuli umeshaanza kusinyaa.

Kati ya hivi viwili, kipi kichaguliwe? Kwa kuthibitisha kupooza, na hasa kwa kufuatilia kama msuli unarudi wenyewe, ultrasaundi inashinda: haina mionzi, inaweza kurudiwa kila baada ya miezi michache, hufanyika hata kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi, na mashine zake zimefika mpaka hospitali za wilaya. Kwa kutabiri ukubwa wa nafuu ya kukunjwa, eksirei ya mwendo inasema zaidi. Mpimaji hodari wa ultrasaundi anaweza pia kuuona mwendo wa kinyume kwa kutazama kutoka chini ya mbavu, akitumia ini kama dirisha upande wa kulia. Upande wa kushoto gesi ya tumbo humzuia mara kwa mara. Hospitali isiyo na fluoroskopia isimwambie mgonjwa kwamba hakuna la kufanya.

Umeme wa neva na misuli

Kipimo cha neva hufanywa kwa kuichokoza neva ya freniki shingoni kwa umeme mdogo na kusoma jibu la msuli. Mara nyingine sindano nyembamba huingizwa kwenye diaframu yenyewe ili kusikiliza kama kuna nyuzi zilizo hai. Ni kipimo kigumu, kinahitaji mtaalamu aliyekizoea, na vituo vyake ni vichache.

Je, kinatabiri nafuu ya FVC baada ya kukunjwa? Si moja kwa moja, kwa sababu kukunjwa hakutegemei uhai wa neva. Kazi yake ni kutabiri mambo mengine mawili: kama neva itapona yenyewe bila kisu, na kama kuna maana ya kuiunganisha kwa upasuaji wa neva. Neva iliyoumia hukua upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, nayo neva ya freniki ni ndefu, hivyo jeraha la shingoni linaweza kuhitaji karibu mwaka mzima au zaidi kabla ya dalili yoyote ya uhai kufika kwenye msuli. Mgonjwa ambaye sindano inaonyesha nyuzi zinazoanza kuamka katika mwezi wa sita si wa kuharakishwa kwenye chumba cha upasuaji.

Mwili wa mgonjwa mwenyewe

Vipimo havimaliziki kwenye mashine. Uzito ni jambo ambalo madaktari hulisema kwa kunong'ona, nami naona liwekwe wazi: mtu mwenye BMI (uwiano wa uzito na urefu) inayozidi 35 ana tumbo linaloisukuma diaframu juu mchana na usiku, na mishono iliyokazwa inabeba mzigo huo. Wapasuaji wengi huuhesabu unene wa kiwango hicho kuwa sababu ya kuahirisha. Kupunguza uzito kwanza kunaweza kumpa nafuu ya kutosha asihitaji upasuaji, na hata akiuhitaji, utabiri wake unakuwa bora.

Ugonjwa wa misuli au neva unaoenea mwili mzima ni onyo kubwa zaidi. Ikiwa upande ulio mzima nao unaelekea kudhoofika, kuukaza ule uliopooza hakutazaa matunda ya kudumu. Ndiyo sababu nguvu ya kuvuta pumzi hupimwa pia: aliyepooza upande mmoja kwa kawaida hubaki na karibu asilimia 60 ya nguvu inayotarajiwa, na akionekana kuwa chini ya asilimia 30, si upande mmoja tu ulioathirika.

Upande wenyewe una uzito wake kidogo. Pafu la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, kwa hiyo kupooza upande wa kulia kunaweza kupunguza hewa nyingi zaidi. Lakini sijaona sababu ya kumkatalia mtu upasuaji kwa kuwa wake ni wa kushoto.

Kisha kuna kanuni inayowashangaza wagonjwa: anayeanza chini ndiye mwenye nafasi ya kupanda. Mtu mwenye FVC ya asilimia 55 kwa sababu ya diaframu peke yake anaweza kupata ongezeko kubwa, ilhali mwenye asilimia 85 hana pengo kubwa la kuzibwa, hata kama mwendo wa kinyume unaonekana wazi kwenye fluoroskopia. Na asiyekosa pumzi kabisa hapaswi kukunjwa, vyovyote picha yake itakavyoonekana.

Kungoja, kukunja, kuunganisha neva au kuweka kichocheo

Kungoja ni matibabu halali, mradi kuwe na mpango. Baada ya upasuaji wa moyo, neva nyingi zilizopigwa na baridi ya barafu ya kupozea moyo au kuvutwa hurudi ndani ya mwaka mmoja. Katika uvimbe wa neva za bega na shingo unaoanza kwa maumivu makali, kupona kunaweza kuchukua hata miaka mitatu. Muda huo mgonjwa anaweza kusaidiwa kwa mazoezi ya misuli ya pumzi, kupunguza uzito, kulala akiwa ameinua kichwa, na mashine ya kusaidia pumzi usiku, hasa kwa sababu katika usingizi mzito wa ndoto misuli ya mbavu hulegea na kuiachia diaframu kazi yote. Kwa jumla miezi sita hadi kumi na miwili ya kungoja ndiyo inayopendekezwa kabla ya kukunja mtu mzima, isipokuwa neva inajulikana kuwa imekatwa au imeliwa na uvimbe. Hapo hakuna kinachongojewa.

Kukunja kunaweza kufanywa kwa kupasua kati ya mbavu, kwa kamera kupitia matundu madogo ya kifuani, au kwa kamera kupitia tumboni. Matokeo ya spirometria hayatofautiani sana kati ya njia hizi. Kinachotofautiana ni maumivu, siku za kulazwa na mkono wa mpasuaji aliyeizoea njia fulani. Nikichagua, ningemchagua mpasuaji kabla ya kuichagua njia.

Nafuu yenyewe inajulikana kwa kiasi gani? Ripoti ya Liverpool ya mwaka 1990 ilieleza wagonjwa 17 waliokunjwa katika kipindi cha miaka 10, na waliopimwa tena baada ya miaka mitano au zaidi walikuwa bado na nafuu yao. Kikundi cha Indianapolis, katika ripoti ya mwaka 2009, kiliwafuatilia wagonjwa 41 kwa angalau miezi 48 na kukuta FVC ikiwa imepanda kwa karibu asilimia 20 ya ilivyokuwa. Kwa mgonjwa aliyeanza na lita 2.4, hiyo ni karibu nusu lita. Msomaji asisahau kwamba hizi ni ripoti za vikundi vidogo vilivyochaguliwa na wapasuaji wenyewe, bila kura ya kuwagawa wagonjwa kati ya kukunjwa na kutokunjwa. Waliotarajiwa kufanya vibaya hawakufika mezani. Ndiyo maana wastani wa asilimia 20 ni wa kumpa matumaini mgonjwa anayefanana na wale waliokunjwa, wala si ahadi kwa kila mtu.

Kuunganisha neva ni njia tofauti kabisa. Huko Marekani, hasa katika kituo cha New Jersey alikofanyia kazi mpasuaji Matthew Kaufman, neva iliyobanwa huachuliwa kutoka kwenye makovu, au kipande cha neva ya mguuni hupandikizwa ili kuziba pengo. Hapa lengo ni kumrudishia mgonjwa msuli unaofanya kazi, kitu ambacho kukunja hakuwezi. Bei yake ni subira ya mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kuona matokeo, na sharti kwamba msuli uwe haujafa. Hapa ndipo kipimo cha sindano kinapotawala: nyuzi zikiwa hai, kuna cha kuokoa, zikiwa kimya kwa miaka mingi, nafasi ni finyu. Kwa mgonjwa wa Dodoma au Kisumu ambaye rufaa ya namna hiyo haimkaribii, uamuzi halisi unabaki kati ya kungoja na kukunja.

Kichocheo cha umeme, yaani kifaa kinachopandikizwa ili kuiamsha diaframu, nakitaja kwa ufupi kwa sababu wagonjwa hukiuliza wakishasoma habari za mwigizaji Christopher Reeve, aliyewekewa mwaka 2003 mjini Cleveland. Kinafaa pale ambapo uti wa mgongo umekatika juu lakini neva ya freniki yenyewe ni nzima. Neva iliyokufa haichocheki. Katika ALS, ugonjwa unaoua polepole neva zinazoamrisha misuli, jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2015 lilisimamishwa na kuonyesha kwamba waliowekewa kichocheo waliishi kwa wastani wa miezi 11, dhidi ya miezi 22.5 kwa waliotumia mashine ya kusaidia pumzi peke yake.

Watoto wachanga hawafuati ratiba hii

Yote niliyosema kuhusu kungoja mwaka mmoja hayamhusu mtoto mchanga. Mbavu zake zimelala karibu sambamba, misuli ya mbavu ni dhaifu, na moyo pamoja na mishipa mikubwa huyumba kirahisi kuelekea upande mmoja, kwa hiyo diaframu ndiyo karibu injini yake yote ya pumzi. Mtoto aliyeumia neva wakati wa upasuaji wa moyo, au wakati wa kuzaliwa kwa kuvutwa shingo na bega, na ambaye anashindwa kuondolewa kwenye mashine ya kupumulia, huwa hangojewi zaidi ya wiki chache. Spirometria haiwezekani kwa umri huo. Kinachotabiriwa ni kama ataachana na mashine, na vinavyotumika ni ultrasaundi pamoja na majaribio ya kumtoa kwenye mashine yaliyoshindikana. Kwa kuwa upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika sasa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na katika Hospitali ya Mater jijini Nairobi, mzazi ana kila sababu ya kumuuliza daktari: je, diaframu ya mtoto imetazamwa kwa ultrasaundi?

Namba na pumzi ya kweli

Imebaki hitilafu moja inayowasumbua hata wataalamu. Ongezeko la FVC na kupungua kwa kukosa pumzi haviendi pamoja kwa uaminifu. Yuko mgonjwa anayeongeza mililita 200 tu na kusema sasa anainama kufunga viatu bila kuhema, na yuko anayeongeza nusu lita na bado anasimama katikati ya ngazi. Sababu mojawapo ni kwamba kukaza diaframu kunapunguza kazi ya kupumua hata pale ambapo ujazo haubadiliki sana, na spirometria haipimi kazi, inapima ujazo. Sababu nyingine ni kwamba moyo, damu na miguu iliyokaa bila mazoezi vina sehemu yao katika kuhema.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama upasuaji ulifaa apimwe kwa namna mbili kabla na baada: FVC ya kukaa na ya kulala kwa lita, pamoja na dodoso la pumzi na umbali anaotembea kwa dakika sita. Ongezeko lisilozidi mililita 150 lihesabiwe kuwa kelele za kipimo. Kipimo cha baada kisifanywe kabla ya miezi mitatu, kwa kuwa maumivu ya kidonda humzuia mtu kupuliza kwa nguvu, na kirudiwe katika mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Kipimo cha kulala kilichosahauliwa kabla ya upasuaji hakiwezi kufidiwa baadaye. Mgonjwa akidai apimwe akiwa amelala siku ile ile anapopimwa akiwa amekaa, anadai haki yake.